Usiinue Sindano

Losilo,

Sanduku lako nimelifunga kwa kamba. Ndani utakuta sabuni, dawa ya malaria na samaki wa kukausha ambao tonton, mjomba wako Amisi, ameapa kwamba watanukisha ndege nzima. Kuhusu kula, kulala, kufua na marafiki wabaya sisemi kitu. Umekulia ndani ya nganda, baa hii ya mama yako, tangu unatambaa. Ulevi umeuona mpaka ukauchoka, na mwanamume anayelilia bia yake hakushangazi tena. Kama hayo hayakukufundisha, karatasi haitakufundisha.

Nakuandikia kwa sababu ya kofi.

Najua unalikumbuka. Ulikuwa bado shule ya msingi. Jumapili mchana tumetoka misa, nganda imefungwa, wewe uko uani unamenya mihogo. Nilikupiga mdomoni, kwa nguvu, na mimi ambaye huongea hata na kuku nikakaa kimya siku nzima. Jioni uliniuliza kwa nini, nikakutuma maji. Hukuuliza tena. Tangu siku hiyo ukawa mtoto ambaye akiitwa hugeuka kwanza, anamtazama mtu usoni, ndipo anajibu. Watu wananisifu kwamba nimekulea kwa adabu. Si adabu, mwanangu, ni lile kofi.

Sasa lazima nianze mbali kidogo, unisamehe. Unajua mama yako hawezi kusimulia habari ya sokoni bila kupitia Kindu.

Baba yako alikuwa mtu wa Yanonge, watu wa mtoni, wavuvi baba na babu. Alikuja hapa Kisangani kusomea ualimu, akaishia kuimba. Walikuwa vijana wanne, na kila kitu walichopiga kilikuwa cha Waamerika weusi: soul, funk, besi ile inayotembea kama mtu aliyeshiba, na mlio wa koo unaoanzia tumboni. Maneno waliyaweka ya kwetu, Kilingala na Kiswahili. Walirekodi wimbo mmoja tu, katika stoo ya mfanyabiashara mmoja mgeni, ukachapwa kwenye santuri ndogo chache, zikauzwa sokoni, zikaisha. Wimbo wenyewe ulihusu msichana wa Kindu anayetembea mbio kama aliyesahau sufuria motoni. Usicheke. Ndiyo, ni mimi.

Kisha Chama kikatuambia muziki wa kigeni ni utumwa, na majina ya ubatizo ni utumwa, na kila orkestra iimbe animation, yaani kusifu Chama na Mkuu wake, asubuhi mbele ya bendera na jioni mbele ya wakubwa. Baba yako hakukataa. Hakuwa shujaa, nisikudanganye. Aliimba kama wote. Lakini siku moja, mbele ya viti vya wakubwa, alimaliza wimbo wa Chama kwa ule mlio wake wa soul, akaupandisha mpaka juu, na watu wakacheka. Alichofanya ni hicho tu. Kesho yake ilikuja jeep ya askari ikamchukua, na watu wale waliocheka wakaingia ndani wakafunga milango.

Nilikuwa na mimba yako. Siku chache kabla ya jeep, tukiwa mkekani, tulikuwa tumechagua jina. Aliweka mdomo wake kwenye tumbo langu akaliimba, taratibu, kwa kuvuta silabi ya mwisho, apime kama linafaa. Alisema jina lisiloimbika halifai kupewa mtu. Lo-si-lo. Hakuna mwingine duniani aliyelijua, hata mama yangu.

Miezi ilipita bila habari. Mtu akaleta neno kwamba watu wa jeep hutupwa mtoni. Watu wa Yanonge wanaujua mto: ukichukua, mwisho hurudisha. Wakangoja urudishe, haukurudisha kitu. Basi wazee wakasema mtu asiye na kaburi hutembea, afadhali tumpe mahali pa kukaa, wakachukua shati lake la jukwaani, lile la kola ndefu, wakalizika. Nikanyolewa, nikavaa nyeusi, nikakaa chini mpaka siku ya kuondoa kilio. Siku hiyo ulikuwa unaanza kusimama, na wewe ukacheza, shangazi zako wakakupigia makofi. Ukaambiwa baba yako alizama akienda kumsalimu mama yake. Nilikubali uongo ule na nikaurudia mpaka ukawa mtamu mdomoni. Mtoto anayesema shuleni kwamba baba yake alizama huishi vizuri kuliko yule anayesema baba yake alichukuliwa na jeep.

Nilibaki na ile santuri ndogo, na hapo nilifanya kosa ambalo nataka ulijue. Nilimsikiliza baba yako kila siku. Asubuhi kabla ya kufungua nganda, jioni baada ya kufunga. Sindano yangu ilikuwa butu, na sindano hula, Losilo. Kila ukisikiliza, inachukua kidogo. Kwanza ukaja mkwaruzo, kisha sauti yake ikawa ya mtu aliye nyuma ya pazia, kisha nyuma ya ukuta. Ngoma zilibaki, na besi, na kila baada ya muda pumzi yake akivuta hewa ili aimbe, halafu hakuna kitu, ngoma tupu. Nilikuwa nimemla mwenyewe, kwa mapenzi.

Hivyo ndivyo nilivyoanza ule wazimu wangu mnaounong'ona, wewe na wateja. Uliniuliza mara nyingi kwa nini mwanamke wa nganda, ambaye wateja wake wanataka rumba tu, anajaza chumba santuri za soul na funk zisizojulikana na mtu. Nilikuwa nimesikia kwamba huko Ulaya kuna watu wanaotafuta nyimbo zilizopotea, za orkestra zilizokufa, wanazichapa upya. Nikajiambia siku moja watafika na kwetu. Tonton Amisi alikuwa mpakizi wa mizigo kule uwanja wa ndege wa Bangboka, na yeye mtu wa Maniema, mkoa wa Kindu, kama mimi, hawezi kuninyima. Kila rubani aliyeshuka na santuri, Amisi alimwomba amwonyeshe. Nikajifunza kuzisoma kwa vidole: uzito wake, ukingo wake, ile alama iliyochorwa kwa mkono katikati, karibu na karatasi. Nikajua chapa ya pili hutofautiana na ya kwanza, kwamba mara nyingine huwa safi zaidi na mara nyingine ni picha ya picha. Nilikusanya sauti za watu waliopotea wa mataifa mengine, nikazipangusa vumbi, nikawajua kwa majina. Nilikuwa mama mzuri sana kwa wafu wa wenyewe.

Ile Jumapili tulimkuta Amisi mlangoni, bado na nguo za kazi za jana.

"Mama Losilo, kuya uone. Ni represaji, ile wanachapaka upya, inatoka Bruxelles. Rubani moja alinipatia. Bon, mimi ma-détails sijuwe, lakini angalia huku nyuma, kuko jina ya orchestre ya bwana yako."

"Amisi, usinicheze."

"Mimi nitakucheza na kitu ya namna hii? Soma weye mwenyewe."

Ilikuwa santuri kubwa, ya nyimbo nyingi za watu wengi, na wimbo wetu ulikuwa wa mwisho upande wa pili. Jina la orkestra lilikuwa sahihi. Jina la mwimbaji, waliandika hajulikani. Kwenye jalada kulikuwa na picha ya vijana wanne ambao sijawaona maishani mwangu, mmoja wao kageuza uso. Amisi hakutaka kuingia. Alisema ana kazi, ingawa Jumapili Bangboka hakukuwa na ndege.

Niliweka sindano. Losilo, sauti ilitoka kama mtu aliyesimama chumbani. Nilikaa chini. Lakini masikio yangu yalikuwa yameujua wimbo ule mpaka mifupa yake, na kabla ubeti wa kwanza haujaisha nikajua kuna kitu hakiko sawa. Ngoma iliingia mapema. Gitaa lilikuwa jingine. Na sauti ilikuwa ya baba yako, lakini ilikuwa imezeeka. Mwanafunzi yule wa ualimu niliyemjua hakuwa na mkwaruzo ule kooni. Wimbo ulifika pale ambapo chapa ya kwanza hufifia na kuisha, huu haukuisha. Uliendelea, ngoma peke yake, kisha akaita jina. Unajua waimbaji wetu hutupa libanga, wanaita jina la mkubwa fulani katikati ya wimbo ili asifiwe. Yeye aliita mara moja, taratibu, akavuta silabi ya mwisho.

Na wewe ukaitika. Kutoka uani, kwa sauti ya mtoto asiye na shaka: "Niko huku, papa."

Ukaja mlangoni na kisu cha mihogo mkononi. Ulitazama chumba, ukanitazama. "Mama, iko wapi ule papa mwenye ananiita?"

Ndipo nikakupiga. Tangu ukiwa mdogo nilikuwa nimekufundisha lile tulilofundishwa sote: ukisikia jina lako linaitwa na humwoni anayeita, usiitike, maana hujui nani anakuhitaji na anataka kukupeleka wapi. Wewe ulikuwa umemwitikia mtu ambaye shati lake lilikuwa ardhini. Nilihisi umechukuliwa mbele ya macho yangu, kama yeye. Sikuwa na hasira hata kidogo, mwanangu. Niliogopa mpaka mkono ukanitoka.

Nikaficha santuri chini ya magunia ya mchele, na ningemshukuru Mungu kama hadithi ingeishia hapo.

Lakini mtu aliyekaa na njaa ya sauti muda wote ule hawezi kuacha chungu kimefunikwa. Ukiwa shuleni nilianza kuitoa. Nilijidanganya kwamba ni rekodi ya zamani, waliirudia kabla ya jeep, mimi nimesahau. Mchana mmoja umeme ulikuwa umekatika mji mzima, nikaiweka ile mashine ndogo kwenye betri. Unazijua betri zetu: zikichoka tunazianika juani juu ya bati zipate nguvu kidogo. Hizi zilikuwa zimeanikwa mpaka basi. Wimbo ulipofika mwisho zikaanza kufa. Sahani ikazunguka polepole, sauti ya baba yako ikashuka, ikawa nene, ikawa ya mtu anayeongea chini ya maji, jina lako likachukua muda mrefu kuliko pumzi ya mtu hai. Na nyuma ya jina kulikuwa na kitu kingine. Kwa mwendo wa kawaida kilipita kama mbu, nilidhani ni kasoro ya chapa. Sasa kilinyooshwa, polepole, noti kwa noti.

Nikajikuta nimesimama. Peke yangu, mchana, katika nganda tupu, nimesimama wima, mikono imenyooka ubavuni. Mwili ulijua kabla ya kichwa. Ilikuwa tarumbeta ya bendera, ile ambayo sote tukiisikia barabarani tunaganda, mwenye beseni kichwani naye anaganda. Na noti ya mwisho ilivunjika.

Kabla sijawa na nganda niliuza pondu, yaani kisamvu, kwenye lango la kambi ya jeshi ya Kapalata. Mpiga tarumbeta wa pale hakuweza noti ile ya mwisho, kila siku ilimvunjikia, na sisi wauzaji tulikuwa tunacheka ndani ya mashavu huku tumesimama kwa heshima. Niliijua kama ninavyojua kikohozi chako. Wimbo ulirekodiwa Kapalata. Nilipokuwa nimekaa chini na kichwa kilichonyolewa, nilipokuwa nakuzaa, nilipokuwa nalizika shati, baba yako alikuwa Kapalata. Mtu mwenye miguu mizuri anakwenda asubuhi na kurudi kabla ya jua kali.

Nilienda. Nilichukua beseni la pondu kama zamani, nikakaa langoni na wake wa askari. Mmoja alikuwa mzee wa pale, mpole, alinunua na akakaa kuzungumza. Nilimuuliza kama watoto wa kambi bado wanapenda muziki.

"Ah, zamani kulikuwaka orchestre hapa, ya wale wenye kufungwa. Walikuwa wanapigia ba-commandant. Commandant moja alikuwa na mashine ya kurekodi, anafurahi, anauzisha kanda kwa ba-mundele, wale wazungu. Muimbaji alikuwa mutu wa mto. Libanga yake ilikuwa moja tu, kila wimbo mwishoni anatupa jina ile ile. Bakubwa wanakasirika: huyu ni nani, mbona haiko jina yetu? Yeye anasema, ni mukubwa wangu."

"Jina gani?"

"Losilo." Alilisema huku anachagua majani. "Kisha waliwapandishaka avion pale Bangboka, wakaenda Kinshasa. Nyuma ya pale sijuwe. Mais, mama, uko unauliza nani?"

Nilimwambia: "Siulize mutu. Niko nauzisha pondu."

Hilo ndilo kosa langu kubwa, na kofi si kitu mbele yake. Alikuwa amefungwa, hana karatasi, hana mjumbe, akaweka jina lako mwishoni mwa kila wimbo kama mtu anayetupa chupa mtoni, akitumaini wimbo mmoja utatufikia. Ulifika. Na mimi langoni nikasema siulizi mtu. Najua unachotaka kunijibu, kwamba nilikuwa na mtoto wa kulinda, kwamba siku zile aliyeuliza aliandikwa. Ni kweli, na ningefanya vile vile tena, na bado silali vizuri. Mambo mawili yanaweza kuwa kweli na yakakaa nyumba moja yakigombana mpaka uzee.

Sijui kama yu hai. Usijenge nyumba juu ya neno langu. Labda sauti ile ndiyo yote iliyobaki, na aliyekuita ile Jumapili alikuwa amekwisha kufa akiwa anakuita. Nimelifikiria hilo sana. Mara nyingine nikiwa napanga viti nalisikia jina lako, mashine imezimwa, na najua wewe uko chuoni. Amisi analisikia pia, ndiyo maana hukaa nje. Tumezoea, hatuzungumzii.

Kesho Amisi atakupandisha ndege pale pale Bangboka, uende kuendelea na masomo Kinshasa, pale pale alikopelekwa. Nilitaka kukuzuia. Wiki hii nzima nimekuwa nikitafuta ugonjwa wa kuumwa, na umeona jinsi nilivyokuwa mkali juu ya mambo ya soksi. Lakini nimekaa kimya kwa niaba yako muda wa kutosha.

Santuri kubwa iko chini ya sanduku, kati ya mashati mawili, ndani ya jalada la rumba ili mkaguzi asiwe na maswali. Mimi nabaki na ile ndogo. Ngoma zinanitosha, na pumzi.

Sikuombi ugonge malango ya kambi. Nakukataza, tena kwa ukali, na hilo ndilo agizo pekee katika barua hii. Ila Kinshasa ni mji wa nganda. Ukipata mwenye mashine nzuri, mwombe akuwekee wimbo wa mwisho upande wa pili. Wape watu bia yao, wacheze. Ngoma zikibaki peke yake mtu atanyanyuka kubadilisha, kila mtu hufanya hivyo, wanadhani umekwisha. Mshike mkono, mwambie ngoja. Usiinue sindano. Acha aite, kisha usiutazame wimbo, tazama watu. Muda ule wote waliokuwa naye hawawezi kuwa wamekufa wote. Mmoja atageuza kichwa, au atasimama wima bila kujua kwa nini, mikono ubavuni. Kaa karibu na huyo. Mnunulie bia na usimuulize kitu mpaka aanze mwenyewe.

Na kama siku moja, barabarani, sokoni, popote, utasikia nyuma yako jina lako linaitwa taratibu, silabi ya mwisho imevutwa, usifanye kama nilivyokufundisha kwa mkono wangu. Usigeuke kwanza kutazama ni nani. Sema kama ulivyosema ile Jumapili na kisu cha mihogo mkononi, kwa sauti ile ile. Sema uko huku. Hakuna atakayekupiga.

Mama yako